Dogo wa miaka 12 yuko benchi na baba ni shabiki lialia: nimbane au nimuache?

"Mtaalamu habari. Mimi ni shabiki wa soka wa kutupwa, mechi za Ulaya hazinipiti. Mwanangu ana miaka 12 (kazaliwa Novemba), anacheza winga timu ya watoto wa umri wao. Mpaka mwaka juzi alikuwa moto, chenga, magoli, kila mtu anamsifia. Tangu mwaka jana wenzake wamekua ghafla wamekuwa majitu, yeye kabaki vile vile, kocha anamuweka benchi anaingia dakika za mwisho. Na akiingia anapiga pasi za nyuma tu, hampigi mtu chenga tena, moyo umepotea. Nimejaribu kumuamsha: nakaa pembeni ya uwanja namuelekeza, kwenye gari tunapitia makosa yake, nimemuahidi hela kwa kila goli. Hakuna kitu. Yamal wa Hispania na miaka 16 kafunga Euro (kombe la mataifa ya Ulaya), huyu wa 12 hana namba timu ya watoto! Juzi kaniambia goti linauma nikajua visingizio. Kuna jamaa anajiita wakala anasema ana njia ya kumpeleka akademi nje ya nchi ila anataka hela ya awali. Mama yake anasema namharibu mtoto, anataka nimtoe kabisa. Nimbane zaidi, nimhamishe, au nimuache aache mpira?"

Kaka salama, na pole, maana swali lako lina uchungu hata kama umeliandika kwa hasira. Ukipunguza maelezo unachouliza ni kimoja: dogo alikuwa anawaka, sasa amezimika, je moyo umekosekana au kipaji hakikuwepo, na wewe ukaze au ulegeze. Nakupa jibu kabla ya maelezo ili usisome kwa presha. Moyo haujapotea popote. Kipaji hakuna anayeweza kukihukumu saa hii, si wewe, si kocha, si mimi, mtoto ana miaka 12 na mwili wake bado haujafika. Goti likaonwe wiki hii hii. Jamaa wa hela ya awali usimpe hata senti. Kelele za pembeni na kikao cha kwenye gari achana navyo kuanzia mechi ijayo. Sasa twende taratibu, sababu ukiambiwa acha bila kuelewa kwanini utaacha mechi mbili, ya tatu utarudia.

Tuanze na hao majitu. Watoto wana umri wa aina mbili, kuna ule wa kwenye cheti cha kuzaliwa na kuna wa mwili wenyewe, na kipindi cha kubalehe hizi mbili zinaachana vibaya sana. Kwa wavulana wengi kasi kubwa kabisa ya kurefuka inakuja kwenye miaka 13 hadi 14, hapo mtoto anaweza kuongezeka sentimita 9 au 10 ndani ya mwaka mmoja, lakini huo ni wastani tu, kuna anayeanza mapema akiwa na 11 na kuna ambaye mpaka afike 15 ndo kwanza anaanza. Kwa hiyo ukipanga mstari vijana wa miaka 13 waliozaliwa mwaka mmoja unaweza kukuta mmoja mwili wake ni wa kijana wa 15 na mwenzake wa mtoto wa 11. Jezi moja, refa mmoja, ila wanacheza michezo miwili tofauti. Anayekua mapema hapati urefu peke yake, anapata misuli, mbio na nguvu ya shuti, na winga mdogo aliyekuwa anampita kwa chenga moja, sasa hivi akimpita anakamatwa baada ya hatua tatu. Chenga ni ile ile. Kilichobadilika ni miguu ya anayemkimbiza.

Halafu kuna hii ya Novemba ambayo umeiweka kwenye mabano kama kitu kidogo, mimi ndo imenivuta kwanza. Mashindano mengi ya vijana yanahesabu umri kuanzia tarehe 1 Januari, na kama timu yenu inafuata hivyo basi mwanao anachuana na watoto waliomzidi miezi kumi. Kwangu na kwako miezi kumi si kitu. Kwa mtoto wa 12 ni karibu mwaka mzima wa kukua na wa mazoezi. Watafiti wa Kanada, Roger Barnsley na wenzake, waliandika hili mwaka 1985 kuhusu hoki ya barafu, walikuta timu zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, na tangu hapo limeonekana kwenye soka la vijana nchi nyingi tu. England mwaka wa watoto unaanza Septemba, na kule wanaojaa akademi ni wa Septemba, Oktoba na Novemba. Yaani dogo wako huyu huyu, kipaji hicho hicho, angecheza kule angekuwa upande wa wakubwa. Kalenda ya chama ndo imemuweka alipo.

Ubaya wa hii kitu inajilisha yenyewe. Kocha anataka kushinda mechi ya wikiendi anapanga waliokua, waliokua wanapata dakika, dakika zinawapa uzoefu, uzoefu unawafanya wawe wazuri kweli, na wa benchi anabaki nyuma kwa sababu tu hachezi. Simlaumu sana kocha wako, huenda ana wazazi wenzio shingoni wanaotaka kombe. Akademi kadhaa za Ligi Kuu ya Uingereza zimejaribu kuwapanga vijana kwa hatua ya ukuaji wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, na kilichotokea ni kwamba wadogo wanapata nafasi ya kushika mchezo, na wakubwa kwa mara ya kwanza wanalazimika kutumia akili maana mabavu hayatoshi tena. Hilo la wakubwa wazazi wao huwa hawapendi kulisikia. Mtoto aliyeshinda kila kitu kwa nguvu akiwa na 12, wenzake wakimfikia kimo akiwa na 16, mara nyingi anakuta hana kitu kingine mfukoni, wakati yule mdogo alikuwa analazimika kila siku kufikiri haraka na kuachia mpira kwa wakati. Sasa hiyo faida ya mdogo inapatikana kwa sharti moja tu: awe bado anacheza mpira siku mwili utakapofika. Kazi yako wewe kwa miaka miwili mitatu ijayo ni hilo sharti, mengine yote yanakuja nyuma yake.

Unajua soka, kwa hiyo majina haya sikufundishi. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, mdogo wa umbo, akaenda kucheza ligi za chini kule Stocksbridge Park Steels huku anafanya kazi kiwandani, Leicester wakamsajili 2012 ana miaka 25, mwaka 2016 ana medali ya ubingwa wa Uingereza. Griezmann klabu kadhaa za kwao Ufaransa zilimkataa kwa ajili ya umbo, akalelewa Hispania na Real Sociedad, 2018 bingwa wa dunia. Harry Kane Arsenal walimtema akiwa mtoto wa miaka kama 8, leo hii ndo mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya England. Ila nisikudanganye, mifano hii ina mtego wake, kwa kila Vardy kuna vijana wasiohesabika waliotemwa na hawakurudi, na hatuwajui kwa sababu hiyo hiyo. Sikuambii mwanao atakuwa Vardy. Nakuambia watu wanaolipwa mshahara kutambua vipaji, wenye kamera na madaktari, walimuangalia kijana wa 16 wakakosea, sasa mzazi aliyesimama pembeni ya uwanja na joto la ubaba ataona nini kwa mtoto wa 12?

Na Yamal muache kabisa. Kabla yake hakuwahi kutokea mchezaji wa miaka 16 aliyefunga goli kwenye Euro, historia nzima ya mashindano, ndo maana lile goli dhidi ya Ufaransa 2024 liliongelewa vile. Huwezi kuchukua kitu ambacho hakijawahi kutokea ukakifanya kipimo cha mtoto wako, hakuna mtoto duniani atakayepona. Tena kama unataka mifano ya watoto wa maajabu, weka na Freddy Adu, Marekani walimuingiza kwenye ligi yao kubwa 2004 akiwa na miaka 14, wakamuita Pelé mpya, akaishia kuzunguka klabu nyingi nchi nyingi bila kufika walikomtabiria. Kuwahi si kufika.

Sasa nije kwenye pasi za nyuma, hapa ndo nataka tukae kidogo, sababu wewe unaita moyo na mimi naona kitu kingine. Hebu kumbuka huwa unasemaje mbele ya TV. Sikujui ila na mimi ni shabiki, najua lugha yetu: huyu mzigo, huyu auzwe, kaua timu, hata bibi yangu anafunga pale. Kwetu hayo ni maneno ya dakika tisini, TV ikizima tumesahau, kesho akifunga tunamuita mfalme. Dogo aliyekaa pembeni yako kwenye kochi yeye hajasahau. Tangu ana miaka mitano sita anasikiliza baba anavyomfanya mchezaji aliyepoteza mpira. Aliiona pia, au kaikuta kwenye simu, fainali ya Euro iliyochezwa Julai 2021, Bukayo Saka wa England ana miaka 19, kakosa penalti ya mwisho, yeye na wenzake Rashford na Sancho waliokosa pia wakamiminiwa matusi ya kibaguzi mitandaoni mpaka polisi wakaingia kazini. Halafu wikiendi inafika, winga ni yeye, na anayemwangalia ni baba yule yule wa kwenye kochi.

Mpe nafasi apige hesabu. Akimpiga beki chenga ikafanikiwa ni vizuri. Isipofanikiwa, na kwa mwili alionao sasa mara nyingi haifanikiwi, kuna sauti kutoka pembeni, kuna kocha anayeangalia saa, kuna gari la kurudi nyumbani. Akipiga pasi ya nyuma hakuna anayepiga kelele. Hiyo hesabu ni sahihi kabisa na mtoto mwenye akili lazima afike hapo. Mtu mwenye hofu ya kukosea anaacha kutafuta nafasi anaanza kukwepa hatari, misuli inakaza, mguso wa kwanza unakuwa mzito, kitu ambacho mguu ulikuwa unakifanya wenyewe anaanza kukifikiria, na ukishaanza kufikiria chenga umechelewa. Unachokiona kama uvivu ni mtoto anayejilinda. Na ukiongeza presha kwa mtoto anayejilinda, anajilinda zaidi. Ndo maana umejaribu yote na hakuna kitu.

Kelele za pembeni zina hasara nyingine ya kiufundi ambayo mtu wa soka kama wewe utaielewa haraka. Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Geir Jordet, ametumia miaka mingi kuangalia wachezaji wanafanya nini kabla mpira haujawafikia, na kinachojirudia ni kwamba wanaogeuza shingo kuangalia nyuma na pembeni mara nyingi zaidi ndio wanaofanikisha pasi zaidi, kiungo Frank Lampard enzi zake Chelsea alikuwa mmoja wa waliokuwa juu sana kwa hilo. Sasa ukimwambia dogo "piga! rudi! mtu mgongoni!" unamfanyia kazi ambayo shingo yake ilitakiwa ijifunze. Mbaya zaidi, kichwa chake kinageukia kwako. Nimekaa pembeni ya viwanja vingi vya watoto nikiangalia macho yao tu, mtoto wa mzazi mpiga kelele unamjua dakika ya tano, mpira ukitoka anaangalia kwanza upande aliosimama baba. Na hapo bado sijasema habari ya kocha anayesema kaa pembeni huku wewe unasema ingia ndani, mtoto amtii nani? Ukienda uwanjani piga makofi, kwa timu nzima ikiwezekana, likitokea goli shangilia, mengine mezea. Najua ni ngumu. Wazazi wengine husimama nyuma ya goli la wapinzani, mbali na benchi, na wanasema ilisaidia.

Kwenye gari sasa. Najua nia yako ni nzuri, makosa bado mabichi unataka ayarekebishe. Shida ni kwamba baada ya mechi mtoto amechoka, na kama alikaa benchi ana aibu pia, kichwa hakipokei somo kinapokea hukumu tu. Isitoshe hana pa kwenda, mlango umefungwa, gari linatembea, hawezi hata kujifanya anaenda chooni. Watoto ninaokaa nao nikiwauliza sehemu gani ya mpira hawaipendi, mara nyingi wanataja safari ya kurudi kuliko hata kufungwa. Makosa yenyewe ameshayajua, alikuwepo. Kocha ameshamwambia. Wewe wa tatu unaongeza nini? Ingia garini, weka redio, ongeeni habari za kawaida au nyamazeni. Akitaka kuongelea mechi ataanza mwenyewe, labda leo usiku labda keshokutwa, na akianza muulize swali moja ambalo jibu lake hulijui, kama vile "pale ulipompasia yule wa kati uliona nini?", halafu sikiliza mpaka amalize. Utashangaa jinsi mtoto anavyochambua mpira vizuri akijua hachambuliwi yeye.

Hela ya magoli niipitie haraka. Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, kundi moja wakaahidiwa cheti wakichora, mengine hayakuahidiwa. Baadae wakati wa kucheza huru wale walioahidiwa ndo walikuwa hawazigusi kalamu kama mwanzo. Kitu walichokipenda kimegeuka kazi, na kazi bila malipo nani anafanya. Kwa mwanao ongeza na hili: yeye ni winga anayeingia dakika za mwisho, malipo ya goli yanamwambia asitoe pasi ya mwisho kwa mwenzake, na kila asipofunga anajiona kakupotezea kitu. Ifute, ila usiifute kama adhabu. Mwambie tu nimegundua ule mpango haukuwa na maana, na kama ulimdai au anakudai malizeni.

Goti. Hapa nabadilisha sauti kidogo maana kwa mtoto wa umri huu anayecheza mpira maumivu ya goti huwa yana sababu, na kumuita muongo ni hatari. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za gegedu ambako ndiko kurefuka kunakofanyika, ni kama zege ambalo halijakauka, na misuli mikubwa ya mbele ya paja imeshikizwa chini ya goti sehemu kama hiyo hiyo. Akikimbia na kupiga mashuti kila siku kano inavuta pale palipo laini, panavimba, panauma, unaweza hata kushika kinundu kidogo chini tu ya kifuniko cha goti. Hali hiyo inaitwa Osgood-Schlatter, ni ya kawaida kwa wachezaji wanaoingia kwenye kurefuka kwa kasi, kuna ndugu yake wa kisigino anaitwa Sever. Kwa kawaida haina madhara makubwa, inataka kupunguza mzigo, mazoezi ya kunyoosha misuli, na uvumilivu, inaisha ukuaji ukitulia. Na angalia kitu cha kuchekesha, goti unaloliita kisingizio linaweza kuwa ndo habari uliyokuwa unaisubiri, kwamba mwili umeanza safari. Ila mimi ni mtu wa saikolojia ya michezo, siwezi kulipima goti kwa maandishi. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia amshike. Na kama anachechemea, au goti limevimba, linanasa, linamuamsha usiku, ana homa, au maumivu yanapanda kwenye paja na nyonga, usisubiri mwisho wa wiki, peleka leo. Kuna tatizo la nyonga kwa vijana wa umri huu ambalo linajitokeza kama maumivu ya goti na likicheleweshwa linaacha ulemavu.

Kwa kuwa tupo kwenye mwili, angalia na mzigo. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wanashauri mtoto apate siku moja au mbili kila wiki bila mchezo wake, na kwa mwaka apumzike kama miezi miwili mitatu jumla, si lazima mfululizo, na kubobea kwenye mchezo mmoja kusubiri mpaka miaka 15 au 16 hivi. Mshambuliaji Erling Haaland alicheza mpira wa mikono na riadha akiwa mtoto kwao Norway, nchi ambayo kanuni zake za michezo ya watoto hata msimamo wa ligi hawautangazi mpaka mwaka mtoto anaotimiza 11. Kama dogo anataka kujaribu kikapu au kuogelea siku mbili kwa wiki, mwache, hapotezi kitu.

Wakala. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, ukiondoa hali chache zinazotajwa, kama wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Si kanuni ya kupamba ukuta, Barcelona wenyewe walifungiwa kusajili kwa madirisha mawili, adhabu ilitoka 2014, kwa sababu ya watoto. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na hawezi kumfuata mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi. Klabu inayomtaka mchezaji kweli haimtumi mtu kudai hela ya awali kwa baba. Vijana wengi wamepelekwa nchi za watu kwa ahadi kama hizi wakaachwa stendi bila pasi ya kusafiria. Ukitaka kumaliza ubishi muombe jina la klabu na namba ya leseni, kisha ulizia chama cha soka cha nchi yako. Nadhani simu yako itatulia baada ya hapo.

Kwa hiyo katika yale matatu uliyouliza, kubana nimeshasema. Kuhamisha kunaweza kuwa sawa, ila kwa sababu moja, dakika. Mtoto mdogo wa umbo anahitaji kucheza, kwa hiyo timu ya kawaida anayoanza kila wiki ni bora kuliko timu kubwa yenye jezi nzuri anayokaa nje. Kabla ya kuhama nenda kaongee na kocha, siku isiyo ya mechi, peke yenu, na usimuulize kwanini mwanangu hachezi, hilo swali kila kocha ana jibu lake tayari. Muulize anamuonaje kwenye mazoezi, na kama inawezekana kwa kipindi hiki acheze na walio chini yake kwa mwaka mmoja, yaani watoto wa mwili wake, au apewe namba ya katikati ambako akili inalipa kuliko mbio. Ukiona kocha anajua mambo ya ukuaji, vumilia naye. Ukiona anasema tu dogo ni laini, tafuta timu nyingine bila ugomvi.

Kuacha kabisa, kama anavyotaka mama, mimi ningemuuliza mwenye miguu. Shemeji yuko sahihi kuhusu unachokifanya, ila dawa yake inamuadhibu mtoto kwa kosa la mzazi. Muulize dogo siku mkiwa wawili na hakuna mechi karibu, muulize kama angependa kuendelea endapo usingekuja uwanjani kwa muda. Jibu lake likikuuma vumilia. Akisema anataka kuendelea, basi kilichokuwa kinamchosha umekijua. Akisema hataki tena mpira, mkubaliane amalize msimu maana wenzake wanamtegemea, kisha aache kwa heshima, na asilipe kuacha kwake kwa kununiwa nyumbani. Wengine hurudi baada ya miezi. Wengine hawarudi, na bado mtaendelea kuangalia mechi pamoja, hilo ushabiki umekupa na hakuna anayekunyang'anya, ila mbele yake msifie na winga aliyejaribu akakosa. Sema kwa sauti, "kakosa lakini wazo lilikuwa zuri." Atasikia.

Kuna dalili ambazo zikiwepo mambo yametoka nje ya mpira na maandishi yangu hayatoshi: tumbo au kichwa kumuuma kila asubuhi ya mechi, usingizi kuvurugika, kuacha vitu vingine alivyovipenda, kula ovyo au kukataa kula ili awe na umbo fulani, kujiita mjinga au hana maana, kuwaogopa watu wazima wa timu. Hapo mtafute mshauri wa watoto au mwanasaikolojia ana kwa ana, na kama akisema neno lolote la kutaka kujidhuru, siku hiyo hiyo hospitali. Hiyo ya kuogopa watu wazima usiichukulie kama utoto, muulize kwa upole na muamini.

Kwa sasa weka alama ya urefu wake ukutani leo, rudia kila miezi mitatu, akiongezeka kama sentimita 2 au zaidi ndani ya miezi hiyo mitatu jua kasi imeanza, na wakati huo anaweza kuonekana mzito na anajikwaa kwa miezi kadhaa maana miguu imerefuka kabla kichwa hakijaizoea, punguza mazoezi usiongeze. Goti likishaonwa niandikie majibu, pamoja na urefu wake, wa kwako na wa mama yake, tutakadiria amebakiza kiasi gani cha kukua.